Ini Nililobakiziwa

Namwandikia mwanamke mmoja nisiyemjua. Labda yuko Kasulu, labda Uvinza, labda hivi sasa amekaa kwenye benchi la hospitali, amekunja karatasi ya altrasaundi tena na tena mpaka imekuwa ndogo kama hirizi. Ameambiwa ana uvimbe kwenye ini. Huyo ndiye ninayemwandikia. Nyinyi wengine mnaosoma kwa umbea, someni tu. Nimeshawazoea. Mlikuwa mnakuja kwangu mkijifanya mmeleta matunda.

Naitwa Mwanaidi. Nashona nguo Ujiji, kwenye chumba cha mbele cha nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu. Nina binti mmoja, Riziki, mwalimu wa shule ya msingi huko Simbo, na kaka mmoja, Haruna, mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi. Haruna nitamsema sana humu ndani. Nimeshamwambia, na amefurahi, kwa sababu anapenda kusemwa.

Ugonjwa wangu niliuona kwanza kwenye nguo. Kiangazi kile magauni yangu yote yalianza kunipwaya. Mabega yakaanguka, kiuno kikawa kama cha mtu mwingine. Nikayapunguza. Baada ya muda mfupi yakapwaya tena, nikapunguza tena. Lakini kulikuwa na sehemu moja haikukubali kupunguzwa: chini ya mbavu za kulia. Huko gauni lilibana. Nikawa mwanamke anayekonda kila mahali isipokuwa pale, na nikila vijiko viwili vya wali nashiba kama niliyetoka harusini.

Wateja wakanisifia. "Bi Mwanaidi, umerudi usichana! Unafanya mazoezi?" Mmoja aliniomba siri ya kupungua. Nilikuwa nashindwa kukanyaga cherehani kwa uchovu, na yeye anataka siri.

Mvua za kwanza zilinikuta kwenye zahanati moja ya binafsi ambayo siitaji jina, kwa sababu haistahili kutajwa. Kijana aliyevaa koti jeupe alinipaka yale mafuta ya baridi tumboni, akatembeza kifaa chake, akakitembeza tena. Halafu akageuka kwa Haruna aliyekuwa amenisindikiza, akamwambia kwa sauti ya chini, kama mimi ni gunia lililoegeshwa pale:

"Mzee, mgonjwa wako ana uvimbe mkubwa kwenye ini. Hizi kansa za ini huwa hazina dawa. Mrudisheni nyumbani, mumwandae."

"Mniandae nini?" nikauliza. "Mnanipika?"

Akashtuka. "Mama, nilikuwa naongea na ndugu yako."

"Nimesikia. Uvimbe uko kwenye ini, haujafika masikioni."

Dada yangu, ukitoka na neno moja tu kwenye simulizi hii, toka na hili: mtu anayezungumzia ugonjwa wako na mwingine wakati wewe upo pale, mnyang'anye karatasi zako uondoke. Mimi niliondoka nazo. Riziki alinipeleka hospitali kubwa siku iliyofuata, na mama daktari wa huko, mtu mzima, aliangalia picha ileile akasema, "Hii siwezi kuiamua hapa. Nakuandikia rufaa uende Dar es Salaam. Ini likatwe au lisikatwe, aseme mtu anayekata maini." Hakunipa matumaini na wala hakunizika. Nilimpenda kwa hilo.

Lakini rufaa haikuwa ya kesho. Kuisubiri nafasi ile kulichukua msimu mzima wa mahindi mabichi, na katika kusubiri ndipo nilipowajua watu.

Walikuja kunitazama. Nasema kunitazama kwa maana yake halisi. Wanakaa kwenye mkeka, wanakodoa macho kwenye macho yangu kuona kama yamekuwa ya njano, wanashusha pumzi. Jirani mmoja akanishika mkono akaniambia, "Pole sana shoga. Mjomba wangu naye alianza hivihivi."

"Sasa anaendeleaje?"

"Aa, alikufa kabla ya Ramadhani."

Huyo alikaa mpaka saa ya chakula, akala, akaondoka. Mwingine aliniletea mchungaji ilhali mimi ni Mwislamu, kwa hoja kwamba kwenye ugonjwa huu hakuna dini. Mchungaji aliniwekea mkono tumboni bila kuniuliza akaukemea uvimbe kwa ukali mpaka mate yakanirukia. Uvimbe haukusogea. Katika umati wote ule aliyenifaa ni Mama Ndayi, mwanamke wa asili ya Burundi anayeuza mawese jirani yangu. Yeye alikuwa anaingia kimya, anasema neno lake moja la Kirundi, "Ihangane," vumilia, anachukua ndoo zangu, anazijaza maji, anatoka. Hakuwahi kuniuliza nina nini.

Haruna naye hakutulia. Akanipeleka Mwanga, hapahapa mjini Kigoma, kwa mtaalamu mmoja mwenye kompyuta. Unashika kijiti cha chuma, kompyuta inatoa rangi, mtaalamu anakusomea mwili mzima. Nilikwenda kwa sababu nilichoka kumkatalia kaka yangu. Mtaalamu akatikisa kichwa mbele ya rangi zake.

"Mama, ini lako ni safi kabisa. Tatizo liko kwenye kizazi. Kizazi kimejaa sumu."

"Kizazi kipi?"

"Chako, mama."

"Kilitolewa zamani, Riziki akiwa darasa la tatu. Labda mashine yako imekiona huko kilikotupwa."

Haruna alinivuta mkono tukatoka. Njiani akaninunia kwa kuwa nimemvunjia heshima mtaalamu. Chupa za dawa alizokwishachukua mle ndani, za maji ya rangi ya matope, nilizimwaga chooni. Baadaye madaktari waliniambia kwamba dawa za namna ile ndizo zinazommaliza mtu ambaye ini lake limebaki na nguvu kidogo. Sikushangaa. Choo chenyewe kilinuka wiki nzima.

Tulisafiri kwa treni, mimi na Riziki. Sina la kusimulia kuhusu safari ile ila kwamba kila mshtuko wa behewa niliusikia chini ya mbavu, na kwamba binti yangu alinishikia mto mgongoni toka tulipoondoka mpaka tulipofika, akijidai anasoma kitabu kwa mkono mwingine. Hakufungua ukurasa hata mmoja. Alinifikisha kwa binti wa mama yangu mdogo anayeishi Mbagala, akarudi kufundisha. Bima yake ya ualimu ndiyo iliyonibeba. Bila hiyo nisingekuwepo kuwatukana watu.

Ukumbi wa kusubiria wa hospitali ile ni nchi yenye watu wake. Kuna wanaojua kila kitu. Kuna wanaowahi viti vya karibu na mlango wa daktari kana kwamba ugonjwa unapona kwa ukaribu. Kuna ndugu wanaogombana kwa kunong'ona juu ya nani atalala na mgonjwa. Na kuna televisheni inayoonyesha mapishi kwa watu ambao wengi wao wametakiwa wasile kitu. Nilimjua pale mzee mmoja wa Mtwara, Mzee Selemani, aliyekuwa na ugonjwa kama wangu. Kila asubuhi alinishikia kiti chini ya feni. Yeye alikuwa ameshaambiwa kwamba kwake kisu hakiwezekani, uvimbe umeshashika mishipa mikubwa. Alikuwa anakuja kwa dawa za kumpunguzia maumivu tu. Nilimuuliza kwa nini basi anawahi alfajiri yote ile.

"Nyumbani wananilia," akasema. "Hapa angalau tunasubiri."

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye kuongea haraka. Nitamwita Daktari Neema. Alichora ini kwenye karatasi, kitu kama kipande cha muhogo kilichopinda, akapiga mstari katikati.

"Uvimbe wako uko upande huu wa kulia. Naweza kuukata pamoja na sehemu ya ini inayouzunguka. Ini ni kiungo cha ajabu, ukiacha kipande kizima kinakua tena. Lakini lazima kinachobaki kiwe kizima. Kama ini lote limekakamaa, nikikata nitakuua. Hapo njia ni kupandikiza: unatolewa ini lote na kuwekewa kipande cha ini la ndugu yako aliye hai. Hilo tunakupeleka nje ya nchi, na siyo kila uvimbe unakubaliwa."

"Mimi niko upande gani?"

"Sijui bado. Vipimo vya kujua vitachukua muda. Wakati tunasubiri, waulize nyumbani kama yuko ndugu mzima wa afya anayeweza kujitolea. Akapimwe damu hukohuko Kigoma kwanza: kundi lake, na kama ana virusi vya homa ya ini B kama wewe."

Nikapiga simu. Haruna aliitisha ukoo nyumbani kwake Ijumaa baada ya sala, akaiweka simu spika katikati ya sinia za pilau. Nilisikia mpaka vijiko. Mtoto wa baba mdogo alikuwa na shinikizo la damu. Shemeji alikuwa na safari ya Bujumbura. Shangazi alisema ini lake ni la kizee lingenitia aibu. Ndipo Haruna aliposimama. Najua alisimama kwa sababu alisema, "Nasimama."

"Huyu ni dada yangu, tumenyonya ziwa moja," akanguruma. "Kama ni ini, nitatoa mimi! Si kipande, hata lote! Wanichane kesho!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi kule Mbagala nililia. Nakiri nililia. Hata mtu kama mimi akichoka sana huweza kuamini.

Habari zilienea mpaka Kibirizi. Mama Ndayi aliniambia kwenye simu kwamba wachukuzi sasa wanamwita kaka yangu "Mzee wa Ini", kwamba akipita wanampisha njia na kumkaribisha kahawa, naye anashika ubavu anapokaa, kama mtu aliyekwisha kupasuliwa. Kitu kimoja tu hakukifanya. Hakwenda kupima.

Kwanza ilikuwa giza la mwezi. "Dada, dagaa wanatoka sana, siwezi kuacha mitumbwi." Mbalamwezi ikaja, wavuvi wakapumzika, mitumbwi ikalala ufukweni. "Dada, na mimi si nipumzike kidogo?" Giza likaja tena. Halafu simu yake ikaanguka ziwani, ile simu ambayo siku zote anaifunga shingoni kwa kamba. Alipopata nyingine akanitumia ujumbe wa sauti mrefu uliozunguka kama boti isiyo na usukani, na mwisho wake ukawa huu: kuna mtu mwenye kujua mambo amemwambia kwamba mwanamume akikatwa ini nguvu za kiume zinakwisha, na yeye, kama ninavyojua, ana mke mdogo.

Niliusikiliza ujumbe ule nimekaa chini ya feni, karibu na Mzee Selemani. Nikamwekea naye asikilize. Alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama kama amezidiwa. Ilikuwa mara ya mwisho kumwona akicheka. Juma lililofuata kiti chake kilikaliwa na kijana mwenye miwani, na nilipouliza, wote pale walitazama televisheni.

Nilikuwa nimemkataza Riziki. Nilimwambia bayana kwamba ini la mwanangu silitaki, nisikie tu kwamba amekanyaga maabara. Shule zilipofungwa akaja Dar, akaingia chumbani kwangu Mbagala kabla hata ya kutua begi.

"Mama, nilikwenda kupima."

"Nilikukataza."

"Nilikwenda hivyohivyo. Hawawezi kunichukua."

"Kundi la damu limekataa?"

"Damu inakubali." Akakaa kitandani, akawa anavuta uzi uliochomoza kwenye shuka. "Nina virusi vya homa ya ini. B. Vilevile vyako, mama."

Mimi ni mtu wa maneno. Nimemjibu daktari na mwenye kompyuta. Siku ile niliuchukua ule uzi mkononi mwake nikaukata kwa meno, kwa mazoea tu ya kazi, kisha nikamshika kichwa nikakiweka kifuani kama alipokuwa mdogo, na hapo nikahisi jinsi mifupa yangu ilivyokuwa inamchoma.

Daktari Neema alituketisha wote wawili. Alisema mtoto huvipata wakati wa kuzaliwa, kwamba zamani hakukuwa na chanjo ya watoto wachanga kama sasa, na kwamba mama hajui wala hasikii kitu. Mtu anaweza kuishi navyo maisha yake yote kimya. Kwa wengine, kama mimi, vinatafuna ini mpaka linaota uvimbe.

"Ini la Riziki bado ni zima kabisa," akasema. "Tutakuwa tunamwangalia, na ikihitajika kuna kidonge. Amegunduliwa mapema kwa sababu alitaka kukupa. Asingekuja kwa sababu nyingine."

Kisha akaniuliza kuhusu mama yangu. Nikamwambia alikufa mimi nikiwa msichana, tumbo limejaa maji, macho ya njano. Ujiji nzima ilijua amerogwa, na aliyemroga ilikuwa lazima awe mke mwenzake, Bi Tunu, kwa kuwa ndiye aliyempikia uji. Walimpandisha boti akapelekwa Mwamgongo, kijiji cha mbali ufukweni, na mfuko mmoja wa nguo. Alikufa hukohuko, hakuna aliyekwenda kumzika. Waliomfukuza baadhi yao wapo hai. Wanaswali safu ya mbele. Nikiwaona siku hizi wananisalimu, "Mwanaidi, alhamdulillahi umepona," nami naitikia, maana adabu ni adabu, lakini mate yanakuwa machungu mdomoni. Uji! Mwanamke alimpikia mgonjwa uji, na hiyo ndiyo ikawa hatia yake.

Majibu yangu yalitoka masika yakiwa yameanza kupamba moto. Ini linalobaki lilikuwa na makovu lakini halijakakamaa. Lingeweza kubeba. "Hatuhitaji ini la mtu," Daktari Neema akasema. "Nakata."

Haruna alipoambiwa alipiga simu ndani ya dakika chache, kwa namba ya simu ileile aliyosema imezama. "Dada! Mungu mkubwa! Na mimi ndiyo nilikuwa nafunga mizigo nije!"

Nilikata simu. Nilitaka niingie kisuni na moyo safi.

Kuhusu upasuaji wenyewe sijui kitu na sitajifanya najua. Ninachojua ni kuamka: kiu ambayo sijawahi kuiona, mirija kila upande, na muuguzi aliyekuwa ananigusisha pamba yenye maji kwenye midomo, tone kwa tone. Jina lake sikulishika. Vidole vyake ningevitambua leo nikifumba macho. Kukohoa kulikuwa adhabu. Mzee Selemani alikuwa ameniambia zamani, alivyofundishwa na wagonjwa wengine, kwamba unaukumbatia mto tumboni kwa nguvu ndipo unakohoa. Nilikohoa hivyo, na kila mara nilimwombea. Tumbo lilivimba. Macho yakawa njano kwa muda, mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi, nikafikiri ndiyo yaleyale ya mama. Daktari akasema ini lililobaki linajifunza kazi peke yake, lisubiriwe. Likasubiriwa. Siku moja Riziki akanitazama akasema, "Macho yamerudi meupe, mama," akatoka nje upesi. Alirudi amenawa uso.

Walipoondoa bandeji nilitaka kioo. Kovu limenizunguka kuanzia kifuani mpaka ubavuni. Nilitazama mshono kwa makini.

"Nani kashona hivi?"

Daktari Neema akainama. "Kuna tatizo?"

"Unapanda, unashuka. Fundi wangu wa mwezi wa kwanza angefanya hivi ningemfumulisha wote."

"Huko nje kamalizia mwanafunzi," akasema huku akicheka. "Ndani nimeshona mimi. Ndani ni pazuri."

Nilimwamini. Ilibidi nimwamini, maana sipaoni.

Wakati huohuo akaja daktari kijana, Elia, anayefanya utafiti. Anafuatilia watu waliokatwa ini na wale waliopandikizwa huko nje, kujua nani anaishi muda gani, uvimbe unarudi kwa nani, wanaishi vipi baadaye. Aliomba ridhaa yangu kwa heshima zote, kisha akaanza maswali.

"Mama, kuanzia moja mpaka tano, unajiona ni mzigo kwa familia kiasi gani?"

"Familia ndiyo mzigo kwangu. Hiyo ina namba?"

Akatafuta. "Haipo, mama."

"Basi iongezeni. Uliza pia wangapi waliahidi na wangapi walionekana. Hapo ndipo utafiti utakapokuwa na maana."

Nilimcheka moyoni, na maswali yake nayadharau mpaka leo. Lakini ananipigia kila baada ya miezi kadhaa, na najibu yote mpaka la mwisho. Kwa sababu nilipomuuliza wanawake wa kutoka huku kwetu wako wangapi kwenye utafiti wake, alisema wengi hufika wakiwa wamechelewa. Nikamkumbuka Mzee Selemani. Nikasema, haya, uliza.

Nilirudi Kigoma kiangazi. Nilipumzika, nikala dagaa wa kukaanga kwa mawese mpaka nikashiba kama mtu, nikaanza kuyapanua magauni niliyokuwa nimeyapunguza. Halafu asubuhi moja nikapanda bajaji kwenda Kibirizi.

Dagaa walikuwa wameanikwa mchangani kwa mistari mirefu, wanawake wanawageuza, wachukuzi wanashusha magunia. Haruna alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ameshika ubavu. Aliponiona akainuka na mikono juu.

"Dada yangu! Jamani mnamwona? Huyu ndiye..."

"Kaa chini."

Akakaa. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nimeyaandaa tangu Mbagala, nimeyanoa kwenye kila kiti cha hospitali, na yalikuwa mazuri, yangemvua nguo mbele ya Kibirizi nzima. Nikaanza na la kwanza.

"Riziki amekutwa na virusi. Mimi ninavyo. Mama alikuwa navyo. Wewe tumbo lile umelala humohumo. Kwa nini hukwenda kupima?"

"Dada, si nilikwambia, giza la mwezi..."

"Haruna."

Akatazama miguu yake. Wachukuzi walikuwa wanapita na magunia na yeye hakujali kama wanasikia.

"Nilimwona mama alivyokufa," akasema. "Wewe walikutoa nje. Mimi nilikuwa mkubwa, niliachwa ndani nimshike. Nilijua nikipima wataniambia na mimi ni hivyo. Naogopa, Mwanaidi. Naogopa sana."

Miaka yote ile na makelele yote yale, na hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la kweli nililolisikia kinywani mwa kaka yangu. Maneno yangu niliyoyanoa yakawa hayana mahali pa kuchoma. Nikamshika mkono nikauweka ubavuni kwangu, juu ya gauni, kwenye kovu.

"Unasikia hapo? Pamekatwa na nimesimama. Vaa viatu, twende."

Alikuwa na virusi. Ini lake limeanza kupata makovu, lakini hakuna uvimbe. Alipewa kidonge cha kumeza kila siku na tarehe ya kurudi kupigwa altrasaundi. Sisi watatu siku hizi tunakwenda kliniki pamoja na kukaa benchi moja, mimi katikati. Kwangu mimi Daktari Neema alisema wazi kwamba uvimbe unaweza kurudi. Kwa hiyo naishi kutoka picha hadi picha. Picha ikitoka safi nashona kwa nguvu mpaka inayofuata, na siku chache kabla ya kila picha siongei na mtu, na wanaonijua wananiacha.

Dada yangu wa kwenye benchi, sijui kama utakatwa, au utapandikizwa, au utaambiwa kama alivyoambiwa Mzee Selemani. Siwezi kukuahidi kitu. Nakwambia tu usimpe ini lako mtu wa chupa za matope, na wanao wapime leo.

Na Haruna? Usidhani amebadilika. Wiki iliyopita nilikwenda Kibirizi kununua dagaa nikakuta kundi la wachukuzi limemzunguka. Alikuwa amesimama juu ya ndoo yake akiwaeleza jinsi ini linavyokatwa, kana kwamba kisu alikishika yeye. Alikuwa amekosea karibu kila kitu. Ini alikuwa ameliweka upande wa kushoto. Alisema ni yeye aliyenipeleka Dar, na ni yeye aliyegundua kwamba ukoo wetu una virusi. Nilikwisha kufungua mdomo nimuumbue. Ndipo mchukuzi mmoja, jitu la miraba minne lenye gunia begani, akauliza, "Mzee wa Ini, wanapima wapi? Na mke ninaweza kwenda naye?" Na mwingine nyuma yake akauliza kama Jumamosi wanafungua.

Nikafunga mdomo. Nikakaa pembeni kwenye mchanga, nikamwacha aendelee kudanganya.